Neno Nyuma ya Kitufe: Nafasi ya Mwanaisimu katika Kuongoza Ujenzi wa Kiolesura cha Kushirikishana Data, Migori na Homa Bay

Ikisiri

Makala haya yanachunguza nafasi ya mtaalamu wa Kiswahili katika kazi ambayo kwa kawaida huachiwa wahandisi wa programu peke yao, yaani kuongoza ujenzi wa kiolesura cha mfumo wa wavuti wa kushirikishana data. Mfano unaotumiwa ni wa mfumo wa kufikiria, lakini mazingira yake ni halisi: kaunti za Migori na Homa Bay, kusini mwa Nyanza nchini Kenya. Makala yanajadili matatizo manne ya kiisimu, ambayo ni upatanisho wa kisarufi, hesabu ya saa na siku, uteuzi wa msamiati na vipimo, na lugha ya ridhaa. Hoja kuu ni kwamba kosa la lugha katika kiolesura huzaa data potofu na linaweza kumdhuru mwenye data.

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu Kiswahili na kompyuta si mgeni katika vyuo vyetu. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Tangu wakati huo wanafunzi wengi wa Kiswahili wameandika tasnifu kuhusu istilahi za kompyuta: kama tuseme "tovuti" au "wavuti", "nywila" au "nenosiri", "kivinjari" au "kisakuzi". Mjadala huo una manufaa yake. Hata hivyo, umetufanya tuamini kwamba kazi ya mwanaisimu katika teknolojia huanza na kumalizika kwa kuunda maneno. Mhandisi akishapewa orodha ya istilahi, mwanaisimu hufunga daftari lake na kwenda zake.

Makala haya yanapinga dhana hiyo. Mtumiaji wa mfumo huandikiwa sentensi, huulizwa maswali, huonywa, huombwa ruhusa na hupewa majibu. Hayo yote ni mazungumzo, na mazungumzo yana sarufi, adabu na muktadha. Anayeongoza ujenzi wa sehemu hiyo ya mfumo anaongoza kazi ya lugha, apende asipende. Swali letu basi ni hili: kazi hiyo inahitaji ujuzi gani wa Kiswahili, na ujuzi huo ukikosekana ni nani anayeumia?

2.0 Mazingira ya Mfano

2.1 Watu na lugha zao

Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, Kaunti ya Homa Bay ilikuwa na watu 1,131,950 na Kaunti ya Migori watu 1,116,436. Kaunti zote mbili zinapakana na Ziwa Viktoria, na Migori inapakana pia na Tanzania. Dholuo ndiyo lugha ya kwanza ya wakazi walio wengi. Kikuria huzungumzwa Kuria Mashariki na Kuria Magharibi, na Wasuba wanaishi Rusinga, Mfangano na maeneo ya Gwassi, ingawa wengi wao sasa huzungumza Dholuo. Mpakani Isebania, mji unaotazamana na Sirari ya Tanzania, Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wafanyabiashara wa pande mbili.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na inavitaja Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Aidha, inaipa serikali jukumu la kukuza lugha za wenyeji. Kwa hiyo, tunapotetea kiolesura cha Kiswahili hatutetei kufutwa kwa Dholuo au Kikuria. Tunatetea daraja, na daraja haliondoi kingo za mto.

2.2 Data zinazokusanywa

Data za eneo hili ni nyingi na zina uzito. Kwanza ni data za uvuvi. Kanuni za mwaka 2007 ziliviwekea msingi wa kisheria vikundi vya usimamizi wa fuo nchini Kenya, na miongoni mwa kazi zao ni kuweka kumbukumbu za vyombo, wavuvi na samaki wanaofikishwa ufuoni. Kwa kuwa ziwa ni la nchi tatu, Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria, lililoasisiwa kwa mkataba wa mwaka 1994 na lenye makao yake Jinja, Uganda, huziunganisha Kenya, Uganda na Tanzania katika usimamizi wa samaki hao. Takwimu za nchi moja zisipolinganishwa na za nyingine, hazitoi picha ya ziwa zima.

Pili ni data za afya. Mwaka 2011 Kenya ilianza kutumia nchini kote mfumo wa wavuti wa takwimu za afya uliojengwa juu ya DHIS2, programu huria iliyoasisiwa katika Chuo Kikuu cha Oslo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa maambukizi ya virusi vya UKIMWI miongoni mwa watu wazima yalikuwa asilimia 4.9 nchini, lakini asilimia 19.6 katika Homa Bay. Wavuvi nao huhama wakiwafuata samaki: mtu wa Mfangano anaweza kukaa Muhuru kwa miezi kadhaa. Akihitaji dawa huko, ni heri kituo cha afya kiwe na njia ya kuipata historia yake. Wakati huohuo, habari hiyo hiyo ikimfikia asiyestahili kuijua, mtu huyo anaweza kunyanyapaliwa na kuharibikiwa na nyumba yake.

Hapo ndipo ulipo uzito wa suala letu. Data zisiposhirikishwa huenda mgonjwa akakosa huduma. Zikishirikishwa ovyo anavunjiwa siri. Katikati ya hatari hizo mbili kuna skrini ndogo ya simu na maneno machache yaliyoandikwa juu yake.

3.0 Kiolesura na Kiongozi Wake

Mfumo wa wavuti una sehemu mbili kuu. Sehemu ya nyuma huhifadhi data, huzikagua na kuzilinda. Sehemu ya mbele, yaani kiolesura, ndiyo anayoiona mtumiaji: fomu, vitufe, orodha, ramani na jumbe. Anayeongoza ujenzi wa sehemu ya mbele hugawa kazi kwa waandishi wa programu, huamua mpangilio wa kurasa, na huhakikisha kwamba mfumo unafanya kazi katika simu ndogo na mtandao dhaifu.

Ni desturi maandishi yote ya kiolesura kuwekwa katika faili la peke yake, kila ujumbe ukiwa na jina lake, ili yaweze kutafsiriwa bila kuigusa programu yenyewe. Mara nyingi faili hilo humfikia mtaalamu wa lugha mwishoni, likiwa na mamia ya vipande visivyo na muktadha. Anaona neno moja tu na hajui kama ni kitenzi au nomino, kama ni kitufe au kichwa cha ukurasa. Akikosea, lawama humwangukia yeye. Lakini kosa lilitendeka mapema zaidi, pale alipokosa kuitwa wakati muundo wa sentensi ulipokuwa ukiamuliwa.

4.0 Matatizo Manne ya Kiisimu

4.1 Upatanisho wa kisarufi

Tuchukulie kwamba mfumo wetu unasajili wavuvi na vyombo vyao. Mwandishi wa programu anataka ujumbe mmoja utakaotumika kwa kila kitu, wenye nafasi mbili tupu, moja ya jina na moja ya idadi, kisha kitenzi "kusajili". Katika lugha isiyo na ngeli jambo hilo ni jepesi. Katika Kiswahili, tazama:

(a) Mvuvi 1 amesajiliwa. Wavuvi 5 wamesajiliwa.
(b) Mtumbwi 1 umesajiliwa. Mitumbwi 5 imesajiliwa.
(c) Wavu 1 umesajiliwa. Nyavu 5 zimesajiliwa.
(d) Injini 1 imesajiliwa. Injini 5 zimesajiliwa.
(e) Kifaa 1 kimesajiliwa. Vifaa 5 vimesajiliwa.

Nomino tano zimetupa viambishi vya nafsi au ngeli saba tofauti: a-, wa-, u-, i-, zi-, ki- na vi-. Kanuni za kimataifa zinazotumiwa na programu nyingi hutambua maumbo mawili tu ya idadi kwa Kiswahili: moja, na isiyo moja. Kanuni hizo zinajibu swali la umoja na wingi, lakini hazijibu swali la ngeli. Mwandishi akizitegemea peke yake atapata sentensi kama "Wavuvi 5 zimesajiliwa", ambamo watu wamehesabiwa kama vitu. Isitoshe, sifuri huingizwa katika kundi la wingi, na matokeo yake ni "Wavuvi 0 wamesajiliwa", ilhali Mswahili angesema "Hakuna mvuvi aliyesajiliwa".

Kuna njia mbili za kutatua tatizo hili. Ya kwanza ni kuandika sentensi kamili kwa kila nomino, katika umoja, wingi na sifuri. Njia hii inafaa pale nomino ni chache. Ya pili ni kupanga upya ujumbe ili kitenzi kipatane na nomino isiyobadilika:

(f) Mitumbwi: 5. Taarifa zimehifadhiwa.
(g) Wavuvi: 5. Taarifa zimehifadhiwa.

Hapa kitenzi kinapatana na "taarifa" daima, na jina la kitu limesimama peke yake pamoja na idadi yake. Hakuna istilahi mpya iliyoundwa. Kilichohitajika ni mtu anayeijua sarufi kuwa mezani kabla ya ujumbe kuandikwa.

4.2 Saa na siku

Omena huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa. Vyombo huingia ziwani jioni na kurudi alfajiri au asubuhi. Mvuvi akiulizwa alifika ufuoni saa ngapi, atajibu "saa mbili asubuhi". Karani anayejaza fomu yenye hesabu ya saa 24 anatakiwa kuandika 08:00. Akiwa amechoka, au fomu ikiwa na sehemu ya tarakimu tu, ataandika 02:00. Kosa ni la saa sita kamili, na kompyuta haina njia ya kulishuku kwa kuwa saa nane usiku nayo ni saa ya kweli.

Tatizo la pili ni la siku. Mazungumzoni, "usiku wa Jumatatu" unaweza kueleweka kuwa usiku unaofuata mchana wa Jumatatu, au usiku wa kuamkia Jumatatu. Siku ya kompyuta hubadilika katikati ya usiku, wakati chombo kiko ziwani. Samaki wa safari moja wanaweza kuandikwa katika tarehe mbili, au safari mbili zikaandikwa katika tarehe moja.

Pendekezo letu ni kwamba fomu iulize jambo moja lisilo na utata, yaani wakati wa kufika ufuoni, na iache mtumiaji achague kipindi kwanza (alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku), kisha saa ya Kiswahili. Skrini ionyeshe matokeo kwa njia zote mbili: "Saa 2 asubuhi, yaani 08:00". Karani ataliona kosa lake kabla ya kutuma.

4.3 Msamiati na vipimo

Samaki mmoja ana majina zaidi ya moja kuzunguka ziwa. Anayeitwa omena Homa Bay huitwa dagaa Mwanza. Mbuta wa Kenya ndiye sangara wa Tanzania. Mfumo unaokusudia kulinganisha takwimu za pande mbili ukihifadhi majina haya kama yalivyo, utahesabu samaki wawili pale penye mmoja. Ukilazimisha jina moja, watumiaji wa upande wa pili watajiona wageni katika mfumo wao wenyewe.

Dawa yake ni kutenganisha jina na utambulisho. Sehemu ya nyuma ihifadhi msimbo au jina la kisayansi, kwa mfano Rastrineobola argentea kwa omena na Lates niloticus kwa mbuta. Sehemu ya mbele imwonyeshe kila mtumiaji jina la kwao. Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Jina "ngege" kwa Dholuo, kama "sato" kwa Kiswahili cha Tanzania, katika matumizi ya kila siku linaweza kutajwa kwa aina zaidi ya moja ya perege. Kulifunga neno pana kwa spishi moja ni kuunda uhakika ambao msemaji hakuutoa.

Hali ni hiyohiyo katika vipimo. Sokoni, omena waliokaushwa huuzwa kwa gorogoro au kwa debe. Hivi ni vipimo vya ujazo, na uzito wake hutegemea kilichomo na jinsi kilivyokauka. Gorogoro ya mahindi na gorogoro ya omena hazilingani kwa uzito. Fomu inayodai kilo peke yake humlazimisha mama muuzaji kukisia, na kisio hilo likishaingia katika mfumo huvaa sura ya kipimo. Ni afadhali fomu ipokee "gorogoro 3" kama zilivyo, na ubadilishaji ufanywe baadaye na mtu aliyepima.

4.4 Lugha ya ridhaa

Tatizo hili ndilo zito kuliko yote. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka ridhaa iwe ya wazi, ya hiari, mahususi, na itolewe na mtu aliyeelewa anachoridhia. Mtu hawezi kuelewa kwa lugha asiyoimudu. Tena, hata Kiswahili chenyewe kinaweza kuficha.

Tutazame kitenzi "shiriki", kinachoandikwa katika vitufe vingi siku hizi. Maana yake ya asili ni kujiunga na wengine katika jambo: kushiriki mkutano, kushiriki harusi. Mnyambuliko wake unatupa "shirikisha", yaani kumfanya mwingine ashiriki. "Shirikiana", kufanya jambo pamoja. Na "shirikishana", kupeana nafasi ya kushiriki. Mgonjwa anayesoma kitufe kilichoandikwa "Shiriki" anaweza kudhani anaalikwa kujiunga na huduma, kumbe anaruhusu habari zake zipelekwe kwingine. Kitenzi kimekosa kiambishi cha kutendesha, na pamoja nacho kimempotea yule anayetendewa. Nani anapewa? Anapewa nini?

Kuna wanaopendelea "sambaza". Nchini Kenya neno hili limezoeleka kwa kumtumia mtu mwingine muda wa maongezi wa simu, kwa hiyo wazo la kutoa chako na kumpa mwingine limo. Lakini kusambaza pia ni kueneza kwa wengi, na hilo silo linalokusudiwa kwa habari za siri. Mapendekezo yetu ni kuliacha neno moja na kutumia sentensi yenye mtenda, mtendewa na kikomo:

(h) Ruhusu kituo cha afya cha Muhuru kusoma kumbukumbu za dawa zako kwa siku 90.
(i) Usiruhusu.

Vitufe vyote viwili viwe na ukubwa sawa. Chini yake iandikwe: "Ukikataa, utaendelea kuhudumiwa hapa. Unaweza kubadili uamuzi wako wakati wowote." Bila sentensi hiyo ya mwisho, "Kubali" huweza kusikika kama amri ya daktari. Katika Kiswahili "kubali" ni pamoja na kutii, na pia kukiri kosa. Mtu mnyenyekevu mbele ya mhudumu hukubali kwa heshima bila kuridhia moyoni. Tofauti ya "kukubali" na "kuridhia" ambayo tunaijadili darasani kama suala la semantiki, hapa ni suala la haki.

5.0 Namna ya Kuongoza Kazi

Kutokana na mjadala huu, tunapendekeza hatua zifuatazo kwa anayeongoza ujenzi wa kiolesura cha aina hii.

Kwanza, mwanaisimu awe katika timu tangu siku ya kwanza, na asisubiri faili la kutafsiri. Ujumbe uandikwe kwa Kiswahili kabla ya mpangilio wa skrini kukamilika. Maneno ya Kiswahili mara nyingi ni marefu kwa sababu ya viambishi, na kitufe kilichopimwa kwa neno fupi la Kiingereza kitayakata.

Pili, kila ujumbe katika faili uwe na maelezo mafupi: unatokea wapi, unasemwa na nani, unamwambia nani, baada ya tukio gani.

Tatu, jumbe za makosa zimwambie mtumiaji lililotokea na la kufanya. "Hitilafu imetokea" haimsaidii mtu aliye ufuoni Mbita mwenye mtandao unaokatikakatika. Ni bora kusema: "Taarifa hazijatumwa kwa sababu hakuna mtandao. Zimehifadhiwa katika simu hii na zitatumwa mtandao ukirudi."

Nne, maneno yajaribiwe na watumiaji wenyewe. Tusiwaulize "Mmeelewa?", kwa kuwa adabu huwafanya wajibu ndiyo. Tuwaombe waeleze kwa maneno yao, hata kwa Dholuo au Kikuria, kitatokea nini wakibonyeza kitufe fulani. Maelezo yakitofautiana na tulichokusudia, ni ujumbe uliokosea.

6.0 Pingamizi na Majibu

Msomaji anaweza kuuliza: makarani na wauguzi wote wamesoma kwa Kiingereza, na fomu zao zimekuwa za Kiingereza tangu zamani, kuna haja gani ya gharama hii? Pingamizi hili lina ukweli wake. Muuguzi mzoefu huenda akaona kiolesura cha Kiswahili kikimchelewesha mwanzoni, hasa katika majina ya dawa na vipimo, na hatupaswi kumwondolea lugha aliyoizoea. Mfumo mzuri humwachia mtumiaji achague.

Hata hivyo, pingamizi hilo linamtazama anayeandika data na kumsahau anayeandikwa. Karani anayesoma swali kwa Kiingereza hulitafsiri papo hapo kwa mvuvi aliye mbele yake, kila karani kwa namna yake. Swali moja linageuka kuwa maswali mengi, na majibu yake hayawezi kulinganishwa. Tafsiri basi haiepukiki. Tunaloweza kuamua ni kama itafanywa mara moja kwa uangalifu, au mara elfu kwa haraka.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba upatanisho wa ngeli, hesabu ya saa, semantiki ya vitenzi na mnyambuliko, mada tunazozisoma kwa ajili ya mitihani, zina kazi nje ya chumba cha mtihani. Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Wakenya walianzisha mfumo wa kukusanya taarifa za matukio kutoka kwa wananchi kwa njia ya wavuti na ujumbe wa simu, wakauita Ushahidi. Jina hilo la Kiswahili limesafiri duniani. Lakini ushahidi hutegemea swali lililoulizwa na jinsi shahidi alivyolielewa.

Tunavishauri vyama vya wanafunzi wa Kiswahili viandae vikao vya pamoja na wanafunzi wa sayansi ya kompyuta, hasa katika vyuo vilivyo karibu na jamii hizi, kama vile Rongo na Tom Mboya. Kazi ya kwanza inaweza kuwa ndogo: kuchukua fomu moja ya ufuoni, kuiandika kwa Kiswahili sanifu kinachoeleweka, na kwenda kuisoma mbele ya wavuvi na wauzaji omena. Wao watatusahihisha, nasi tutakuwa tumeanza.